Joselyne na Baryeri ya Mvua

Kila siku Joselyne alipotoka shuleni, alipita nyumbani kuweka mkoba, akala alichokikuta chunguni, kisha akaenda soko la Baraka kumsaidia mama yake kuuza ndagala. Kazi yake ilikuwa kufukuza inzi na kuwafungia wateja samaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake. Hapo ndipo taabu yote ilipoanzia, kwa sababu mtoto mwenye mwandiko mzuri huaminiwa haraka.

Mimi ni Koko Dorothée, bibi kizee jirani yao. Ukuta wangu na wao ni mmoja, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nyumba ile usionifikia ukiwa bado moto. Huu ninaousimulia niliuona kwa macho yangu, nikiwa nimeketi juu ya gunia. Hata leo nikiukumbuka nasikia joto kichwani.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa kumi na moja, Mama Georgette, mama yake Joselyne, alifiwa na mdogo wake Raphaël huko Kilembwe. Mjane wa Raphaël, Fanny, akavaa nguo nyeusi. Katika ukoo wao, mjane hatoki katika nguo hiyo mpaka dada mkubwa wa marehemu aje, amvue kwa mkono wake mwenyewe na kumvika kikwembe kipya mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo haendi sokoni wala kisimani, haendi arusini, hata kwa mama yake mzazi haendi kulala. Fanny alikaa hivyo mwaka mzima, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia. Ukoo ulipanga siku: Jumamosi, jua likiwa bado juu. Wazee waliitwa kutoka Misisi na Kazimia, na walisema wazi kwamba Jumamosi ikipita bila dada mkubwa kufika, wao watarudi makwao, na matanga yatangoja mpaka kiangazi. Ni miezi saba hiyo. Mama Georgette alinunua kikwembe cha maua ya manjano, akakodi kamio ya kubeba ndugu, vyungu na magunia ya ndagala, kisha Jumatatu akamwita binti yake.

“Joselyne, leta kaye na kalamu. Jumatano bamama ba milima bateremukaka na muhogo na mawese. Banakalaka ku mwisho ya soko, karibu ya muferezi. Uende, ukae nabo chini, ubaulize maneno tatu. Ya kwanza: kule juu mvula inanyesha ao hapana, na inanyeshaka saa gani? Ya pili: salongo ya barabara iko siku gani, tusikute njia imefungwa? Ya tatu: tukifika Lweta, tusalimie nani? Andika jibu, andika na jina ya mama mwenye amesema. Shofere Roger atapanga safari juu ya hiyo kaye. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Nieleze kidogo. Sisi wa Baraka tuko kando ya ziwa. Mara nyingi sisi tunaanika ndagala juani, na siku hiyohiyo kule milimani watu wanaingiza mbuzi ndani kwa ajili ya mvua. Tena kule, ukiisha kupita Fizi, kuna kijiji cha Lweta chenye mteremko mbaya sana. Barabara ya pale hakuna anayeitengeneza isipokuwa watu wa Lweta wenyewe, kwa majembe yao, siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mtu anayesafiri bila kuwauliza ni sawa na anayeingia jikoni kwa mwenzake na kufunua vyungu.

Jumatano Joselyne alikwenda kweli mpaka karibu na mfereji. Akawaona wale mama wameketi juu ya majani ya mgomba, miguu yao imejaa tope mpaka magotini, wanacheka na kula muhogo. Mahali pale palikuwa na matope na harufu ya mawese. Akasimama. Wakati huohuo akapita Vanessa, mwanafunzi mwenzake, mwenye mdomo usiolala.

“Eeh, Joselyne! Sasa umekuwa mama ya milima? Kala chini basi, bakupimie muhogo!”

Joselyne akageuka kama aliyepotea njia. Akaenda moja kwa moja kwa binamu yake mwenye simu kubwa, akamwomba amwonyeshe hali ya hewa. Simu ikaonyesha jua: Alhamisi jua, Ijumaa jua, Jumamosi jua. Simu haikudanganya, jua lilikuwa la Baraka. Hakuna aliyeiuliza habari za Lweta.

Akaketi kwenye kivuli, akafungua kaye, daftari lake, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: *Mama Espérance wa Lweta, Jumatano, sokoni. Mvua hakuna. Salongo ni Jumatatu. Mkifika msalimie chefu wa kijiji, atafurahi sana.* Mama Espérance ndiye mtu pekee wa milimani aliyemjua kwa jina, kwa sababu zamani alikuwa akiwaletea maharage nyumbani. Ile “atafurahi sana” aliiongeza ili ukurasa usionekane mtupu.

Jioni mama yake alisoma, akamshukuru, akampa kipande kikubwa cha samaki. Mimi nilikuwa pale. Nikatazama sandali za mtoto: safi, kana kwamba zimetoka dukani. Karibu na ule mfereji hata kuku hatoki na miguu safi. Niliona, nikanyamaza. Nami nilikuwa nimealikwa katika safari ile; Alhamisi nilikuwa na muhogo wangu wa kuanika, kwa hiyo kutoka Ijumaa kulinifaa. Nalisema hili mapema ili msidhani watu wazima walikuwa malaika.

Roger, dereva, alipiga kaye kofi la furaha. “Hakuna mvula, hakuna salongo! Tutoke Ijumaa asubuhi, mbele giza ingie tuko Kilembwe.”

“Mi nilitaka tutoke kesho, Alhamisi,” alisema Mama Georgette.

“Ya nini, mama? Kaye imesema.”

Basi tukatoka Ijumaa, saa kumi na mbili za asubuhi. Tulipopita Fizi na kuanza kupanda, nikaona majani yanadondosha maji. Nikaona watoto wamebeba mifuko ya plastiki ya kujifunika. Kisha kamio ikaingia katika dimbwi la kwanza, maji yakaruka mpaka kwenye magunia.

“Mvua hakuna,” nikasema kwa sauti, kama ninayesoma.

Dimbwi la pili lilikuwa kubwa zaidi. “Mvua hakuna,” nikasema tena.

Joselyne alitazama upande wa pili. Mama yake hakucheka. Roger alikuwa amekwisha kuacha kupiga mluzi.

Tulifika Lweta saa nne. Barabara ilikuwa imekatwa na mwanzi mrefu, umefungwa jiwe upande mmoja. Nyuma ya mwanzi kulikuwa na watu kama sitini, wanaume kwa wanawake, wenye majembe na vikapu vya mawe. Walikuwa wamejaza mashimo ya mteremko mzima, wamechimba mifereji pande zote mbili, udongo ukiwa bado mpya na laini. Ilikuwa salongo, siku ya Ijumaa.

Badala ya kushuka na kusalimia, Roger akapiga honi. Akaipiga ndefu, ya mtu mwenye haraka.

Majembe yote yakasimama. Mzee mmoja mwenye buti za mpira akaja polepole, akiwa na tope mpaka kwenye ndevu. Jina lake ni Bonaventure, mlinzi wa baryeri, yaani ule mwanzi wa kufunga njia.

“We shofere, hiyo honi ni ya nani? Unaona ngombe hapa?”

“Papa, fungula. Tuko na haraka.”

“Hii ni baryeri ya mvula. Imenyesha siku tisa. Tumeweka mawe leo asubuhi, inatakiwa udongo ishike. Kamio itapita kesho saa sita ya muchana.”

“Kesho saa sita!” Mama Georgette aliruka chini hata kabla sijaona mguu wake ukiondoka. Kesho saa sita maana yake ni kufika Kilembwe usiku, wazee wameshaondoka, na Fanny amebaki katika nguo nyeusi. “Munatuchezea! Sisi tuliuliza mbele ya kutoka! Mama ya hapahapa kwenu alitujibu kama hakuna mvula, hakuna salongo! Sasa mukiona bageni munageuza maneno!”

“Mama gani?”

“Iko hapa, imeandikwa! Soma, kama unajuaka kusoma!”

Lile la mwisho lilikuwa baya, naye alijua ni baya. Bonaventure akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua kaye, akasoma kimoyomoyo. Akasoma tena. Kisha akawageukia watu wake, akasoma kwa sauti kama kanisani: “Mama Espérance wa Lweta, Jumatano, sokoni.”

Mnong'ono ukapita katikati ya majembe.

“Mama Espérance ya Lweta njo bibi yangu,” alisema Bonaventure. “Jumatano alikuwa mule mu nyumba, anazaa mapacha. Mi nilikuwa inje, nalia kuliko ye. Sasa munaniambia alikuwa Baraka ku soko, anapiga masolo na nyinyi?”

Watu wakacheka, lakini kicheko hicho hakikudumu. Kilikatika ghafla, wakabaki wanatutazama. Mtu akikuona mjinga unaweza kuvumilia. Lakini hawa walikuwa wametoka kitandani mapema, wamebeba mawe kwa vichwa vyao, kisha tukaja sisi na honi, tukawaita waongo, tena kwa kutumia jina la mama aliyejifungua juzi.

Mama Georgette aligeuka. “Joselyne,” alisema. Neno moja tu. Mtoto alikuwa amejikunja kati ya magunia mawili kama gunia la tatu.

Kabla hajajibu, Roger akaharibu mambo zaidi. Alikuwa amekasirika, na kuna madereva ambao hasira yao hukimbilia miguuni. Alirudi kwenye usukani, akarudisha kamio nyuma, akakata kona kushoto ili azunguke baryeri kupitia shamba la muhogo lililokuwa kando. Sisi wa juu tukapiga kelele kila mmoja kwa lugha yake. Kamio ikapita mistari minne ya mihogo michanga, ikayumba, ikazama mpaka tumboni. Gurudumu likaendelea kuzunguka, likirusha vijiti vya muhogo hewani.

Nilidhani watatupiga. Kijiji kizima kilikuja mbio. Bonaventure alifungua mlango, akachomoa ufunguo, akautia ndani ya buti lake. Ninyi mnaosoma hamkuliona buti lile. Hakuna mwizi ambaye angetia mkono mle.

“Sasa piga honi,” akamwambia Roger. “Piga! Ya nini unanyamaza?”

Mwenye shamba alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Consolate. Alikimbia Burundi miaka mingi iliyopita, na watu wa Lweta wakamwazima ardhi ile alime. Hakupiga kelele. Alitembea polepole katika njia ya magurudumu, akaokota kijiti kimoja, cha pili, cha tatu, akaviweka mkononi kama mtu anayekusanya kuni.

“Mana yanje,” alisema, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. “Hili shamba si langu, ni la kuazima. Nilikuja na mikono mitupu, wakanipa. Hii mihogo ndiyo watoto wangu watakula mwaka unaokuja. Nyinyi mna gari, mna vyungu, mna magunia. Mmekosa nini mpaka mnakuja kupita juu ya chakula changu?”

Roger alitazama viatu vyake.

Hapo Joselyne akashuka. Hakuna aliyemwita. Akasimama katikati ya wale watu wenye majembe, uso umevimba kwa machozi.

“Mi njo nilidanganya,” alisema. “Sikuuliza mutu. Mama Espérance hakusema kitu. Mama alinituma ku bamama ba milima, mi nikaona haya kukaa nabo, juu ya... juu ya miguu yabo ya matope. Nikaangalia simu, nikaandika maneno yangu. Shofere hakujua. Mama hakujua.”

Pale alipokuwa amesimama, miguu yote iliyomzunguka ilikuwa na tope mpaka magotini. Aliiona, akainua macho haraka, na hakupata mahali pa kuyaweka.

“Sasa miguu ya matope imekukuta,” alisema mama mmoja mwenye kikapu.

“Mumuache,” alisema Bonaventure. Sauti yake ilikuwa bado kali. “Mutoto amesema yake. Sasa bakubwa nabo baseme yabo.”

Akamtazama Roger mpaka Roger akavua kofia, akamwomba Consolate radhi, akaomba radhi kwa honi pia. Mama Georgette akaomba radhi kwa lile la kujua kusoma. Kisha nikaona yule mzee ananitazama mimi. Nikakohoa. Nikasema kwamba niliona sandali safi nikanyamaza.

“Koko!” Mama Georgette alipiga kelele. “Na weye!”

“Na mimi,” nikasema. “Sasa tuwe wengi, aibu igawanywe.”

Bonaventure hakucheka, ingawa ndevu zilitikisika kidogo. Akamwuliza Mama Georgette tunakimbilia nini Kilembwe. Ndipo Mama Georgette akaeleza, kwa mara ya kwanza tangu tufike: habari za Raphaël, za Fanny na nguo nyeusi, za wazee na Jumamosi. Akafungua furushi, akatoa kile kikwembe cha manjano, akawaonyesha.

Bonaventure akapiga paja lake kwa hasira mpya. “Na ya nini hukusema hivi mbele? Baryeri inafunga kamio, haifunge mutu! Miguu inapita. Pikipiki inapita. Mungeshuka, museme jambo, muulize, saa hii ungekuwa kule nyuma ya mulima! Aubin! Aubin iko wapi?”

Aubin, motari wa kijiji, alitupa jembe lake, akaleta pikipiki. Mama Georgette akafunga kikwembe ndani ya plastiki mbili, akakiweka kifuani. Joselyne akamkimbilia.

“Mama, na mi nipande. Tuko babili bembamba, tutaenea.”

“We?” Mama yake hata hakuinua sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “We utabaki hapa na jembe. Wakati hiyo muhogo yote itakuwa imesimama, njo utakuja kuniona.”

Pikipiki ikapita kando ya mwanzi, ikapanda mteremko juu ya ukingo mgumu, ikatoweka. Joselyne alibaki ameitazama njia tupu, hajui kama mama yake atafika salama, wala kama Fanny atavuliwa ile nguo.

Tukafanya kazi. Wanaume waliivuta kamio kwa kamba mpaka ikatoka shambani, na Roger alivuta mbele kuliko wote. Majirani wa Consolate walikata vijiti vipya katika mashamba yao na kuvileta. Joselyne akapewa jembe refu kuliko yeye. Alichimba, akapanda, akafurahi alipomaliza mstari wa kwanza. Consolate akaja nyuma yake, akatazama.

“Mtoto, umevipanda kichwa chini. Hivi vitaotea wapi? Vitatokea upande wa pili wa dunia?”

Akaving'oa vyote. Akamwonyesha jinsi ya kutambua macho ya kijiti yanayotazama juu, na jinsi ya kukilaza kidogo. Joselyne akaanza upya. Mimi nilipewa kazi ya kuchota maji ya kunywa, na ninakubali kwamba nililalamika zaidi ya nilivyochota.

Saa nane mchana mvua ikaja. Haikuja kama mgeni. Ilikuja kama mtu anayerudi kwake, watu wote wakijua saa yake, majembe yakiwa yameshawekwa chini ya mabati. Sisi tu ndio tuliolowa.

Joselyne akakimbilia mlango wa karibu, na ndani akamkuta mama mnene kidogo ameketi kitandani na watoto wawili wachanga. Alikuwa Mama Espérance.

“Ah,” alisema. “Njo we mwenye uliipeleka jina yangu Baraka, mi nikabaki huku?”

Joselyne akatamani kurudi kwenye mvua.

“Kala chini. Mi nimekasirika, lakini siwezi kusimama, basi utanisikia ukiwa umekala. Jina yangu si ya kuvaa ukitaka kudanganya. Batu bananiaminia maharage juu ya hiyo jina. Kesho mutu akisema Mama Espérance ni muongo, we utakuwa wapi? Utakuwa unakula ndagala kwenu.” Akamweka mtoto mmoja begani. “Sasa uliza. Ulitumwa uulize nini?”

Joselyne akauliza yale matatu. Mama Espérance akajibu kila swali. Mwezi huu mvua ya milimani huanza saa nane mchana, na anayetaka kupita na kamio apite Alhamisi, siku ambayo udongo umekaa wiki nzima bila kuchimbwa. Salongo ni Ijumaa, tangu zamani, na kila mama anayeshuka sokoni analijua hilo. Kuhusu salamu, msafiri amsalimie yeyote atakayemkuta na jembe mkononi, asiende kumtafuta mkubwa.

“Ni hiyo tu,” alisema. “Ingekuchukua muda gani kule ku soko?”

“Kidogo, mama.”

“Kidogo!” Akamkabidhi pacha wa pili. “Shika huyu. Alikuwa anakuja siku ile ulikuwa unaandika habari zangu.”

Mvua ilipokatika, Joselyne alirudi shambani bila kuitwa. Kesho yake asubuhi alimaliza mstari wa nne, na Consolate alipita akivigusa vijiti kimoja kimoja kwa kidole cha mguu. Hakumsifu. Alisema tu, “Hivi vimesimama,” akampa muhogo wa kuchoma.

Saa sita kamili Bonaventure aliinua mwanzi. Akautoa ufunguo ndani ya buti, Roger akaupokea kwa vidole viwili. Udongo ulikuwa umeshika. Kamio ilipanda mteremko ule taratibu kama mama anayebeba mayai, na Roger hakuigusa honi hata kidogo. Tulilala katika kijiji cha mbele, tukafika Kilembwe Jumapili baada ya misa.

Mtu wa kwanza tuliyemwona ni Fanny. Alikuwa amesimama barabarani katika maua ya manjano, ndoo ya maji kichwani, akitoka kisimani peke yake, mahali ambapo hakukanyaga mwaka mzima. Mama Georgette alikuwa amefika Ijumaa jioni, amejaa tope mpaka kwenye nyusi, na Jumamosi mchana alifanya kazi yake mbele ya ukoo wote.

Joselyne alidhani kila mtu ameshajua ubaya wake. Lakini Fanny alimkumbatia tu, akamwuliza njia ilikuwaje. Mtoto akamtazama mama yake.

“Sikusema kitu,” alisema Mama Georgette. “Hii si habari yangu. Sema weye.”

Joselyne akaisema yote pale barabarani, kuanzia Vanessa mpaka mihogo ya Consolate. Fanny alitua ndoo chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

“Miezi saba,” alisema. “Ungeniongezea miezi saba mu ile nguo, juu uliona haya kukaa dakika kumi na bamama?”

“Unisamehe, tantine.”

“Nitakusamehe. Leo bado.” Akajitwika ndoo, akaenda.

Ndipo Mama Georgette akamketisha mtoto kwenye gogo. “Sikiliza vizuri,” alisema. “Safari haipangwi na mutu mwenye amekala nyumbani. Njia inapita mbele ya milango ya batu. Bale batu banajua mvula yabo na kazi yabo, njo maana tunabauliza, na tukifika tunabasalimia. Simu yako haijui salongo ya Lweta. Lakini hiyo si kitu kubwa. Kitu kubwa ni hii: ungeniambia, ‘Mama, sikuenda, niliona haya.’ Ningekupigia makelele dakika tano, kisha ningeenda kuuliza mi mwenyewe. Dakika tano, Joselyne! Sasa angalia vitu vyote vyenye ulilipa ili ukimbie dakika tano.”

“Ndiyo, mama.”

“Basi ngoja nikupe dakika tano zako.”

Akampa. Mimi sina saa, lakini kwa hesabu yangu zilipita ishirini. Kuku walihama. Wazee wa Misisi, waliokuwa wakifunga mizigo yao, waliketi tena ili wasikose kitu. Joselyne alisikiliza mpaka mwisho, hakutazama pembeni, hakuziba masikio.

Mama Georgette aliponyamaza, alivuta pumzi, akafuta uso wa mtoto kwa ncha ya nguo yake.

“Sasa,” alisema kwa sauti iliyokauka, “kurudi Baraka tutapita siku gani?”

Joselyne alifungua kinywa, akakifunga.

“Sijui, mama,” alisema. “Sijauliza.”

Akasimama, akashuka kwenda kule mama wa Kilembwe walikokuwa wameketi wakimenya muhogo, na akaketi nao chini.